7-Zip, WinRAR au ile ya Windows? Programu ya kubana faili inayoifaa kompyuta yako

Tarehe 30 Juni ikikaribia, wenye biashara ndogo Nairobi huingia saiba kuwasilisha ripoti za kodi kupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), na kila mwaka kosa lile lile hurudi. Mtu anapakua fomu ya Excel ya KRA, nayo huja ndani ya faili ya zip. Anaibofya mara mbili, inafunguka kama folda ya kawaida, anafungua fomu humo humo na kuanza kujaza mauzo, manunuzi na gharama. Saa mbili baadaye anahifadhi, anafunga, anarudi kuendelea: fomu tupu. Windows ilikuwa imeitoa fomu kwa muda tu kwenye folda ya Temp, mahali ambapo wengi hawajawahi kukanyaga, na kazi yote imebaki huko au imefutika.

Kinga yake ni kutoa kila kitu kwenye folda ya kawaida kwanza, ndipo ufungue. Lakini programu utakayotumia kutoa ina tabia zake. Nyingine itakupa fomu ambayo makro zake (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya Excel) zimezuiwa, nyingine itakupa makro zilizo wazi bila kukuonya vya kutosha. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayetuma, swali kubwa litakuwa yule wa upande wa pili ana nini cha kufungulia. Hapo ndipo watu wengi hukosea wanapochagua: wanalinganisha asilimia za ubanaji, kumbe faili inakwenda kwa karani mwenye kompyuta ya ofisi ambaye haruhusiwi kuongeza programu yoyote.

Ushauri wangu ni huu: weka 7-Zip kwenye Windows, tuma zip ya kawaida kwa watu wengine, na aina ya 7z, yaani kifurushi cha 7-Zip yenyewe, iwe ya kumbukumbu zako mwenyewe au ya faili zinazohitaji nenosiri. WinRAR ina jambo moja inalolifanya vizuri kuliko zote, nalo nitalifikia.

Kabla ya kupakua chochote

Kama tatizo lako ni picha za harusi za GB 6 zisizoingia kwenye flashi ya GB 4, hakuna programu hata moja kati ya hizi itakayokusaidia. Programu hizi hutafuta marudio ndani ya faili na kuyaandika kwa ufupi, na katika JPEG, MP4 na MP3 marudio hayo yamekwisha kuondolewa na kamera au simu yenyewe. Ukizibana tena utaokoa asilimia moja au mbili, pengine usiokoe kitu. Faili za docx na xlsx nazo ni zip tayari: chukua nakala ya barua.docx, ibadilishe jina iwe barua.zip, ifungue, utakuta XML na picha ndani yake. PDF iliyoskaniwa ni picha zilizofungwa pamoja, kwa hiyo skani upya kwa dpi 150 au 200, bila rangi, na utapunguza ukubwa kuliko programu yoyote ingeweza.

Kinachobanika kweli ni maandishi matupu, CSV, logi za seva, nakala za hifadhidata za SQL, picha za BMP, sauti za WAV, na zile faili za zamani za doc na xls. Hizo huweza kushuka chini ya robo ya ukubwa wake.

Kwa barua pepe, kumbuka kwamba Gmail hukuruhusu kutuma viambatisho vya hadi MB 25, na kwamba kiambatisho chochote huongezeka kwa takriban theluthi moja kinaposafiri, kwa sababu hugeuzwa kuwa herufi za kawaida. Seva ya ofisi yenye kikomo cha MB 10 kwa kawaida itakubali faili ya MB 7 hivi na kuikataa ya MB 9. Mtumaji hushangaa, lakini hesabu ni hiyo.

Ile iliyomo ndani ya Windows

Windows imekuwa ikifungua na kutengeneza zip tangu enzi za XP. Windows 11 ilianza kufungua rar, 7z na tar mwaka 2023, na toleo la 24H2 likaongeza uwezo wa kutengeneza 7z na tar. Kwa mtu anayepokea zip mbili tatu kwa mwezi, hii inatosha. Bofya kulia, chagua "Extract All", teua folda, basi.

Kasoro zake huonekana kazi ikiongezeka. Haiwezi kuweka nenosiri. Zip iliyofungwa kwa AES, aina imara ya kufuli ya nenosiri, mara nyingi huishia na ujumbe wa kosa 0x80004005, ambao haukuambii lolote kuhusu nenosiri, na watu hudhani faili imeharibika. Folda yenye maelfu ya faili ndogo, kwa mfano nakala ya tovuti, huitoa polepole mno. Kosa 0x80010135 maana yake njia ya faili imekuwa ndefu kupita kikomo cha herufi 260 hivi. Hamisha zip hadi C:\kazi, uitolee hapo, na kosa litaondoka.

Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa mjini bado zina Windows 10, ambayo yenyewe hufungua zip tu, na Microsoft ilimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye mashine hizo programu ya ziada ni lazima.

7-Zip

Igor Pavlov aliitoa 7-Zip mwaka 1999, na bado ni ya bure, nyumbani na ofisini, bila matangazo wala siku za majaribio. Kisakinishi hakifiki MB 2, kwa hiyo bando si kisingizio. Andika mwenyewe 7-zip.org kwenye kivinjari. Usibofye tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji, wala vitufe vikubwa vya kijani kwenye tovuti za kugawa programu. Huko ndiko 7-Zip na WinRAR huchanganywa na takataka nyingine. Kompyuta nyingi zinahitaji toleo la x64.

Sura yake ni ya kizamani, na hilo huwafukuza watu kabla hawajaona kazi yake. Wachache wanajua kwamba Kiswahili kimo kwenye orodha yake ya lugha: fungua 7-Zip File Manager, nenda Tools, kisha Options, kisha Language. Hapa nitataja majina ya Kiingereza kwa kuwa ndiyo utakayoyakuta kwenye kompyuta ya saiba.

Kwenye Windows 11 menyu yake imejificha nyuma ya "Show more options". Shikilia Shift huku ukibofya kulia, itatokea moja kwa moja. Anayekerwa na hilo anaweza kuchukua NanaZip kutoka Microsoft Store, ambayo imejengwa juu ya msimbo wa 7-Zip na hukaa kwenye menyu mpya. Tena hupata masasisho kupitia duka hilo, jambo ambalo 7-Zip yenyewe haina.

Unapotoa faili, epuka "Extract Here" kama hujui kilichomo. Kifurushi chenye faili 400 kitazimwaga zote kwenye Desktop yako. Chagua mstari wa "Extract to" wenye jina la kifurushi, nayo itatengeneza folda yake.

Unapobana, chagua "Add to archive" na uangalie sehemu chache tu. "Archive format" ni zip au 7z. "Compression level" iache Normal. Ultra hula muda mwingi kwa faida ndogo, na kwa picha na video chagua Store, ambayo hufunga faili pamoja bila kupoteza dakika kuzibana. Kisha "Dictionary size", ambayo ndiyo huziangusha laptopu za RAM ya GB 4. Kamusi hiyo ni kipande cha data ambacho programu hukishikilia kwenye RAM ikitafuta marudio. Kwa LZMA2, njia ya ubanaji inayotumiwa na 7z, kubana hudai takriban mara 11 ya ukubwa wa kamusi kwa kila nyuzi mbili (threads) za prosesa. Kamusi ya MB 64 itataka MB 700 au zaidi. Ukiwa na nyuzi nne, zidisha kwa mbili. RAM ikiisha, Windows huanza kutumia diski kama RAM, mashine inaganda, na mtu anadhani ni virusi. Mistari ya chini ya dirisha hilo hukuonyesha kiasi cha RAM kitakachohitajika kubana na kufungua. Isome kabla ya kubofya OK. Kwa GB 4, kamusi ya MB 16 au 32 na nyuzi mbili inatosha kabisa.

Jambo la pili ni "Solid Block size". 7z hupata ubanaji wake mzuri kwa kuziunga faili nyingi kama uzi mmoja mrefu. Matokeo yake, kutoa faili moja iliyo mwishoni mwa kifurushi cha GB 20 kunailazimu ipitie zilizotangulia, na doa dogo kwenye flashi linaweza kuharibu faili nyingi kwa pamoja. Kama ni hifadhi utakayokuwa ukichomoa faili moja moja, chagua Non-solid, au kipande kidogo.

Kugawa kifurushi kunahitajika sana hapa kwetu kwa sababu flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, na FAT32 haikubali faili moja inayofika GB 4 hata kama flashi ina GB 64 tupu. Kwenye "Split to volumes" chagua 4092M - FAT. Utapata faili zinazoishia na .001, .002 na kuendelea. Anayefungua aziweke zote folda moja na kubofya ile ya .001 peke yake; moja ikipotea, sehemu kubwa ya data iliyobaki haitatoka. Kama flashi yenyewe ni yako na haitumiki kwenye redio au TV ya zamani, kuifomati upya kwa exFAT ni rahisi kuliko kugawa, ila kwanza hamisha vilivyomo, maana kufomati hufuta kila kitu.

Usiweke alama kwenye "Delete files after compression". Stima ikipotea katikati ya kazi, 7-Zip huacha faili ya .tmp isiyokamilika, na faili zako za asili zinabaki zilivyo ikiwa hukuiambia izifute. Maliza kubana, bofya kulia kifurushi, chagua "Test archive", usubiri iseme hakuna makosa. Nakili kwenye flashi, uitoe flashi kwa utaratibu, uichomeke tena, ukipime kifurushi huko huko. Ndipo ufute asili. Flashi za bei ya chini zenye ukubwa wa uongo hujulikana kwa njia hii hii: kunakili hukubali vizuri, kupima hukataa.

Fomu ya iTax, makro, na alama ya intaneti

Faili yoyote unayoipakua, Windows huibandika alama isiyoonekana kwamba imetoka kwenye intaneti. Tangu 2022, Excel ikiiona alama hiyo huzuia makro kwa mstari mwekundu juu ya ukurasa. Fomu ya KRA hutegemea makro: bila makro haihakiki ulichojaza wala haitengenezi faili ya kupakia.

Ukitoa fomu kwa Windows yenyewe, alama hupita kutoka kwenye zip hadi kwenye Excel, na utaukuta mstari mwekundu. Funga Excel, bofya kulia fomu, chagua Properties, weka alama kwenye "Unblock" chini ya ukurasa, kisha OK. Fungua tena, ruhusu makro.

Ukiitoa kwa 7-Zip, mstari mwekundu hautatokea, kwa sababu 7-Zip haipitishi alama hiyo mpaka uiambie. Watu husifu wepesi huo, na mimi naona hii ndiyo kasoro yake kubwa zaidi. Wepesi ule ule unaofungua fomu ya KRA ndio unaofungua "ankara" ya tapeli iliyokuja kwa barua pepe usiku. Nenda Tools, Options, ukurasa wa 7-Zip, tafuta "Propagate Zone.Id stream", uweke Yes. Fomu ya kodi utaifungulia mwenyewe kwa Unblock, mara moja kwa mwaka, baada ya kuhakikisha umeipakua kutoka iTax.

Ukimaliza kujaza na kuhakiki, fomu hukutengenezea zip nyingine. Hiyo ndiyo inayopakiwa. Usiifungue kuchungulia na kuibana upya, wala usiigeuze kuwa rar au 7z.

Nenosiri

Ofisi nyingi hutuma orodha ya mishahara au nakala za vitambulisho ndani ya zip yenye nenosiri, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni vyema zijali. Lakini zip ina kufuli mbili. ZipCrypto ni ya zamani na dhaifu: Biham na Kocher walichapisha njia ya kuivunja mwaka 1994. AES-256 ni imara. 7-Zip ukichagua zip hukuwekea ZipCrypto kwanza, kwa hiyo usipobadilisha "Encryption method" umefunga mlango kwa uzi. Ukibadilisha, Windows ya mpokeaji inaweza kushindwa kuifungua, kama nilivyoeleza juu. Tena zip, hata kwa AES, huacha majina ya faili wazi. Mtu asiye na nenosiri bado ataona "barua ya kumwachisha kazi" na jina la mhusika.

Kwa hiyo siri itumwe kwa 7z, na "Encrypt file names" ikiwa na alama. Mpokeaji atahitaji 7-Zip au WinRAR, mwambie mapema. Nenosiri lipitie njia nyingine, kwa simu au SMS, lisikae kwenye barua pepe iliyobeba faili.

Na nenosiri lisiwe nambari ya kitambulisho. Tarakimu 8 ni mchanganyiko milioni 100 tu, kiasi ambacho kompyuta hukimaliza haraka mno kwenye zip. 7z hupunguza kasi hiyo kwa kurudia hesabu ya SHA-256 mara 524,288 kwa kila jaribio, lakini nenosiri fupi la tarakimu linabaki kuwa nenosiri fupi. Maneno manne yasiyohusiana yanatosha. Ukilisahau, hakuna fundi atakayekufungulia, hata akikuomba malipo ya awali.

WinRAR

Eugene Roshal aliibuni aina ya RAR mwaka 1993. WinRAR ni ya kulipia baada ya siku 40 za majaribio, na inajulikana kote kwa kuendelea kufanya kazi siku hizo zikiisha, ikikukumbusha tu ununue. Kwa ofisi, kuitumia hivyo ni kukiuka leseni. Zile zilizovunjwa, ambazo baadhi ya maduka huzipachika kwenye laptopu kabla ya kukuuzia, ziondoe siku hiyo hiyo: programu inayofungua kila faili unayopokea haifai kutoka mikononi mwa mtu usiyemjua, hasa wakati 7-Zip hufungua rar bila malipo.

Kinachoipa heshima ni "Add recovery record". Ukiiwekea alama, huongeza data ya ziada, kwa kawaida asilimia 3, na kifurushi kikipata madoa madogo unaweza kukirekebisha kwa amri ya Repair. 7-Zip haina kitu kama hicho. Kwa studio inayotunza kumbukumbu za miaka kwenye diski za nje, mimi ningelipa leseni na kuweka asilimia 5 au 10. Lazima iwekwe wakati wa kubana. Haiwezi kurudisha kilichokwisha kuharibika bila kuwa nayo.

Upande wa usalama, WinRAR haijisasishi yenyewe, na hilo limeumiza watu. Dosari ya CVE-2023-38831 ilizibwa kwenye toleo 6.23 la Agosti 2023, baada ya wahalifu kuitumia kwa miezi. CVE-2025-8088, iliyowezesha kifurushi kuweka faili kwenye folda ya Startup bila mtumiaji kujua, ilizibwa kwenye 7.13 mwishoni mwa Julai 2025. 7-Zip nayo ilikuwa na CVE-2025-0411, iliyozibwa kwenye toleo 24.09 la Novemba 2024: kifurushi ndani ya kifurushi kilipoteza ile alama ya intaneti hata kwa waliokuwa wameiwasha. Fungua Help, kisha About, uangalie namba. WinRAR iliyo chini ya 7.13 au 7-Zip iliyo chini ya 24.09 isikae siku nyingine. Pakua toleo jipya kabisa na ulisakinishe juu ya la zamani.

Nyinginezo

PeaZip ni ya bure, ina sura nzuri kuliko 7-Zip na hufungua aina zaidi ya 200. Inamfaa anayepokea vitu vya ajabu kutoka kila upande, na ipo pia kwa Linux. Bandizip ni nyepesi na nzuri, ila toleo la bure lina matangazo. WinZip ni kongwe, ya kulipia, na kwa matumizi ya nyumbani sioni inachokupa ambacho wengine hawatoi bure.

Kwenye simu za Android, Files by Google hufungua zip bila kuongeza kitu, sababu nyingine ya kumtumia mtu zip. Akipokea rar, programu ya RAR kutoka kwa RARLAB, wenye WinRAR, itaifungua. Kwenye Mac, mfumo wenyewe hutosha kwa zip, na Keka hubana 7z na kuweka nenosiri. Ukipokea zip iliyotengenezwa kwenye Mac utakuta folda ya __MACOSX na faili za .DS_Store ndani yake. Ni taarifa za Mac tu, zifute bila wasiwasi, na kama faili hiyo inapakiwa kwenye mfumo wa zabuni au wa shule, ziondoe kabla ya kubana tena ili anayepokea asikute faili asizozitarajia.